Je, wajua? Kompyuta iliyo ndani ya gari la doria haina habari zako

Kwa miaka mingi niliamini jambo moja kuhusu magari ya polisi wa Marekani, na niliwaeleza wengine kwa uhakika mkubwa. Usiku mmoja nilikuwa abiria katika gari lililoendeshwa na binamu yangu mjini Columbus, Ohio, tukasimamishwa kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa imeungua. Askari alichukua leseni, akarudi garini kwake, na kupitia kioo cha pembeni nilimwona ameinama kuelekea mwanga wa samawati uliokuwa ukimulika kidevu chake. Nilimwambia binamu yangu, "Kaka, huyo sasa hivi anasoma maisha yako yote." Akanijibu, "Wana kila kitu mle ndani." Baada ya dakika chache askari alirudi na karatasi ya onyo, akatutakia usiku mwema, nasi tukaenda zetu tukiwa tumekubaliana juu ya jambo ambalo si kweli.

Tuliamini kwamba kompyuta ile ilikuwa ghala, yaani kwamba mahali fulani ndani yake, au katika mtambo mmoja mkubwa huko Washington, lipo faili lenye jina la kila dereva, na kazi ya askari ni kulifungua tu. Imani hiyo imeenea sana, na haishangazi, kwa kuwa mtu aliye nje ya gari huona swali likiandikwa na jibu likitokea papo hapo. Ukweli ni kwamba kompyuta ya gari la doria haijui karibu chochote. Ichomoe garini, ikate na mtandao, nayo itakuwa kama simu iliyotolewa laini: itawaka, itakuonyesha saa, lakini ukiiuliza namba za gari lililo mbele yako haitakuwa na la kukujibu.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Mara nyingi ni kompyuta mpakato yenye gamba gumu la kuhimili vumbi, joto na mtikisiko, ya aina ambayo kampuni ya Panasonic ilianza kuitengeneza mwaka 1996 kwa jina la Toughbook. Hufungwa juu ya nguzo ya chuma kati ya viti viwili vya mbele, ikaelekezwa kwa dereva, nayo lazima ikae mbali na njia ya mfuko wa hewa unaofumka wakati wa ajali, la sivyo itageuka kombora ndani ya gari. Herufi za kibodi huwa na taa yake ili ziweze kusomeka gizani. Ule mwanga niliouona usiku ule ulikuwa huo tu.

Historia iliyotangulia inaweza kusemwa kwa ufupi. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walifanikiwa kutumia redio ndani ya magari ya doria, lakini ilikuwa ya kusikiliza tu; askari hakuweza kujibu. Mwaka 1933 mji wa Bayonne, New Jersey, ukawa na redio ya kusema na kusikia. Vifaa vya kuandikia ujumbe ndani ya gari vilianza kuonekana katika miaka ya 1970, na kompyuta kamili zikafuata.

Lililosukuma mageuzi hayo ni msongamano. Redio ya upepo ni kama njia ya mguu iliyo katikati ya mashamba: anayepita ni mmoja, na wengine wote hungoja. Askari aliyetaka kujua habari za gari alipaswa kusubiri wenzake wanyamaze, ataje kila herufi kwa neno lake ili isichanganywe na nyingine, kisha mhudumu wa redio kituoni aiandike, aulize, asubiri, na amsomee jibu kwa sauti, huku kila mwenye redio ya kunasa mawimbi akisikia jina la mtu ambaye huenda hakuwa na kosa lolote. Ujumbe wa maandishi ulivunja foleni hiyo. Mtambo wa Motorola uliotumiwa sana katika miaka ya 1980 ulisafirisha biti 4,800 kwa sekunde, kasi ambayo leo isingetosha kuonyesha hata picha moja bila kukuchosha, lakini swali la polisi lina herufi chache mno. Wanaokumbuka telegramu wataelewa upesi. Kwa kuwa kila neno lililipiwa, habari nzima ya msiba au safari ilibanwa ikawa maneno manne au matano, na aliyepokea alijua namna ya kuyakunjua. Swali la namba za gari hubanwa vivyo hivyo: herufi mbili za kutaja aina ya ombi, kifupi cha jina la jimbo, namba zenyewe, na utambulisho wa anayeuliza. Ujumbe kama huo hupita hewani kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na njia inabaki wazi kwa mwingine.

Sasa tuufuate ujumbe huo kutoka Columbus. Ukitoka garini, siku hizi kwa kawaida kupitia mtandao wa simu za mkononi, hufika kwenye seva ya idara ya polisi, na kutoka hapo huingia katika mtambo wa jimbo, ambao kwa Ohio unaitwa LEADS na unasimamiwa na polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo. Mtambo huo tuufananishe na posta kuu, kwenye chumba kile cha kuchambulia barua. Mfanyakazi wa posta hahitaji kujua kilichoandikwa ndani ya bahasha. Anaangalia anwani na kuitupa katika mfuko unaostahili. Kila ofisi ya polisi, mahakama au gereza nchini humo ina utambulisho wake wa herufi na tarakimu tisa, kama namba ya sanduku la posta, na ndiyo maana jibu hujua njia ya kurudi.

Katika chumba hicho cha kuchambulia ndipo kosa langu la zamani linapoonekana wazi, kwa sababu swali moja la askari hugawanyika na kwenda sehemu mbili tofauti. Nakala moja huenda Clarksburg, West Virginia, kwenye kanzidata ya taifa inayojulikana kama NCIC, ya FBI, yaani shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani. Nyingine huenda kwenye masjala ya magari ya jimbo lililotoa namba hizo. Ikiwa gari ni la Indiana, swali huvuka mpaka kupitia Nlets, chombo kinachomilikiwa na majimbo yenyewe, chenye makao yake Phoenix, Arizona, ambacho kazi yake ni kupeleka ujumbe kutoka jimbo moja hadi jingine. Majibu hurudi kila moja kwa wakati wake, kama watu wawili uliowatuma maduka tofauti.

Tofauti ya vyanzo hivyo viwili ni kubwa, na nimeona hakuna mfano bora kuliko wa muuza duka wa mtaani. Ana daftari la madeni. Humo huwezi kukuta majina ya wateja wote, bali ya wale tu wanaodaiwa. Aliyelipa amefutwa, na asiyewahi kukopa hajawahi kuandikwa. NCIC ni daftari la namna hiyo. Lina magari yaliyoibwa, namba zilizoibwa, silaha zilizopotea, watu wanaotafutwa, watu waliotoweka na mengineyo, ambayo leo yamepangwa katika mafaili zaidi ya 20. Gari la mtu ambaye hajaibiwa wala hatafutwi halimo kabisa. Masjala ya magari ya jimbo, kwa upande wake, ni kama rejista ya shule: kila mwanafunzi yumo, mtiifu na mtoro, kwa kuwa kusudi lake ni kujua nani ni nani. Daftari la madeni haliwezi kumwambia askari gari ni la nani, na rejista ya shule haiwezi, peke yake, kumwambia kwamba limeibwa huko mbali jana usiku. Kompyuta ya garini huyaweka majibu hayo mawili katika kioo kimoja, na sisi tulio nje tunadhani limefunguliwa faili moja.

Kwa hiyo jibu ambalo askari hulipata mara nyingi zaidi kutoka Clarksburg ni kwamba hakuna kumbukumbu, na jibu hilo linastahili uangalifu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika, wala si kwamba hakuna lililotokea. Mwenye gari aliyelala saa nne usiku hajui bado kwamba maegesho yake yako tupu.

Daftari hilo lilianza kazi tarehe 27 Januari 1967 likiwa na mafaili matano na kumbukumbu 356,784. Mwezi Mei mwaka huohuo askari mmoja wa New York alilitilia shaka gari lililoegeshwa, akauliza namba zake kwa redio, na ndani ya sekunde 90 akaambiwa kwamba liliibwa Boston mwezi mmoja kabla. Mimi bado huvutiwa na sekunde hizo 90, kwa sababu swali lile lilipita katika masikio na vidole vya mhudumu wa redio kabla ya kufika kwenye mtambo. Kompyuta ya garini ilikuja kumwondoa mtu huyo wa katikati. Daftari lilikuwapo kabla yake.

Daftari huandikwa na watu, na watu husahau. Mteja anaweza kuwa amelipa deni lake jana kwa kijana aliyeshika zamu, na kijana hakufuta. Ndiyo sababu kanuni za NCIC hazimruhusu askari kuichukulia taarifa ya kioo kuwa neno la mwisho. Jina likigonga, yaani likilingana na la anayetafutwa, lazima ofisi iliyoliandika iulizwe kama hati ya kumkamata bado ni hai na kama mtu ni yuleyule, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya dakika 10 jambo likiwa la dharura, au ndani ya saa moja ikiwa si la haraka.

Kilichotokea Phoenix mwezi Januari 1991 kinaonyesha uzito wa kanuni hiyo. Dereva mmoja alionekana akienda kinyume katika barabara ya njia moja, mbele ya kituo cha polisi. Askari aliingiza jina lake katika kifaa kilichokuwa garini, kikamjibu kwamba leseni imesimamishwa na kwamba ipo hati ya kumkamata. Alipokuwa akifungwa pingu, dereva aliangusha msokoto ulionuka bangi, na gari lilipopekuliwa bangi zaidi ikapatikana. Baadaye ikajulikana kwamba hati ile ilikuwa imefutwa na mahakama siku 17 kabla ya kukamatwa kwake. Karatasi ilifutwa, kompyuta haikuambiwa. Shauri hilo, Arizona dhidi ya Evans, lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1995 iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba ushahidi unaweza kutumika, kwa kuwa kosa lilikuwa la makarani wa mahakama na askari aliitegemea kompyuta kwa nia njema. Hata anayekubaliana na hoja hiyo ya kisheria anapaswa kutambua kwamba mtu alifungwa pingu kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna aliyeukumbuka kuufuta.

Upo upande mwingine wa mitambo hii ambao sikuuwazia hata kidogo: swali lenyewe huacha alama. Baada ya bomu la Oklahoma City la tarehe 19 Aprili 1995, wachunguzi walipopata jina la Timothy McVeigh, aliyelitega bomu hilo, waliangalia katika NCIC kama kuna yeyote aliyeliuliza jina hilo, wakakuta kwamba polisi wa barabara kuu wa Oklahoma walikuwa wameliuliza siku ileile ya mlipuko. Alikuwa amesimamishwa dakika 90 hivi baada ya bomu, kwa sababu gari lake halikuwa na kibao cha namba, na alikuwa bado mahabusu. Alama hizohizo humfuata pia askari anayeuliza kwa nia mbaya. Sajenti mmoja wa Georgia alitumia kompyuta ya gari lake la doria kutafuta namba za gari kwa malipo ya takriban dola 5,000, bila kujua kwamba ulikuwa mtego wa FBI. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya udanganyifu wa kompyuta haikumhusu, kwa kuwa mfumo wenyewe aliruhusiwa kuuingia.

Je, kompyuta hizi zimepunguza uhalifu? Hapa inafaa kwenda polepole. Kuhesabu magari ya wizi yaliyopatikana hakutoshi, kwa kuwa askari anayeweza kuuliza namba nyingi kwa zamu atakuta mengi zaidi hata kama wizi haukubadilika. Tena kioo chenye maandishi karibu na usukani kina hatari yake, ingawa sheria za majimbo kadhaa, California ikiwamo, zinazowakataza madereva kushika vifaa vya mawasiliano huwasamehe walio katika magari ya dharura.

Kuhusu kuuliza namba bila sababu, mahakama nyingi za Marekani zimeona kwamba namba ziko wazi kwa kila macho, kwa hiyo kuzisoma si upekuzi. Mwaka 2020, katika shauri la Kansas dhidi ya Glover, Mahakama ya Juu iliongeza kwamba askari akikuta leseni ya mwenye gari imefutwa, anaweza kulisimamisha gari kwa kudhani kwamba mwenyewe ndiye anayeendesha, isipokuwa awe na habari ya kumwonyesha vinginevyo.

Nilipoisoma hukumu hiyo niliukumbuka usiku ule wa Columbus, kwa sababu gari tulilopanda lilisajiliwa kwa jina la shemeji yangu. Ikiwa askari aliuliza namba kabla ya kushuka, jina la kwanza aliloliona katika mwanga ule wa samawati lilikuwa la mwanamke aliyekuwa nyumbani amelala, pamoja na aina ya gari, rangi yake na tarehe ya kumalizika kwa usajili. Jina la binamu yangu halikuwapo mpaka askari alipoichukua leseni yake mkononi na kuliandika.