Gari Kubwa Hupimwa kwa Milimita

"Fundi, nitengenezee bodi ya mita tatu na tano." Nikiuliza ni milimita ngapi, najibiwa yaleyale kila siku: milimita ni za vitu vidogo, gari ni kubwa, lipimwe kwa mita. Nachomelea mabodi ya malori na mageti hapa Vingunguti, na hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Ukubwa wa kitu hauchagui kipimo. Kinachochagua ni kosa unaloweza kulivumilia. Ukikosea mita 10 katika safari ya Kibaha, utafika tu. Fremu ikizidi milimita 10, haiingii, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirefuki. Ndiyo maana watengenezaji huandika vipimo vya gari zima kwa milimita, hata lori. Toyota IST ya toleo la kwanza ina urefu wa 3,855, upana 1,695 na kimo 1,530. Hakuna nukta hapo.

Nukta ndiyo ugomvi wangu hasa. "Mita tatu na tano" ni ngapi? Wewe umekusudia 3.5, mwenzako kasikia 3.05. Niliwahi kupokea agizo la bodi ya lori dogo la Canter kwa simu, grenda inalia pembeni, nikakata mabomba kwa 3.05. Mzee alipokuja kuchukua mzigo wake, bodi imepelea milimita 450 na chesisi imetokeza nyuma. Tulibishana hadi magharibi, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Angesema "elfu tatu na mia tano" tusingefika huko. Tangu siku ile sikati chuma kabla sijapata ujumbe wa maandishi, kwa milimita, namba nzima.

Wengine wanasema sentimita ni milimita iliyotolewa sifuri. Angalia karatasi za gari za Japani, ambako vipimo hujazwa kwa sentimita: IST hiyohiyo yenye upana wa 1,695 imeandikwa 169. Milimita 5 zimepotea, na mimi ninazihitaji kwa mpira wa mlango.

Kontena la futi 40 nalo si mita 12 kamili. Ni milimita 12,192, na hizo 192 ni karibu shibiri nzima.

Tairi la 195/65R15: 195 ni milimita za upana, 65 ni asilimia ya upana huo (ndiyo kimo cha ubavu wa tairi), 15 ni inchi za rimu. Usigeuze namba yoyote, zisome hivyohivyo dukani.

Mita nazikubali kwenye nauli ya kusafirisha gari kwa meli, ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa mita za ujazo. Hata hapo usizungushe mapema. Kwa IST ile, 3.855 mara 1.695 mara 1.530 ni karibu 10. Ukianza na 4, 2 na 2 unapata 16.

Na tafadhali, ile ndoano ya kwenye ncha ya futi kamba inayocheza si mbovu. Inacheza kwa kiasi cha unene wake, ili ukivuta kwa nje au ukisukuma kwa ndani upate namba ileile. Kijana wangu mmoja aliigonga kwa nyundo ikatulia, na futi kamba nzima ikawa haifai tena.

Kwa wenye kuagiza geti: upana ulioandikwa kwenye karatasi hauhesabu saiti mira (vioo vya pembeni). Dada mmoja alinitumia upana wa karatasi, akashangaa nilipomrudisha akapime upya. Zifungue zote mbili, simamisha fito wima kila upande, kila fito iguse ncha ya saiti mira, kisha pima kutoka fito hadi fito. Namba hiyo ndiyo unitumie, na uniambie pia kama gari linaingia kwa kunyooka au kwa kukata kona kutoka mtaani, maana anayekata kona namwongezea nafasi.