Je, Wajua Kwa Nini Bomba la Nyuzi za Kaboni Hukinga kwa Kusagika?

Mtu anayepigilia kigingi cha mwanzi hapa Kigoma, iwe ni cha kufungia mbuzi au kuwambia turubai, baada ya mapigo machache huona kichwa chake kikichanua: nyuzi hupasukana, nyingine zikajikunja nje na nyingine ndani kama ufagio uliochakaa, na kila pigo linalofuata huishia humo badala ya kukizamisha kigingi. Kwake hiyo ni hasara, lakini mhandisi wa magari huitafuta hali hiyohiyo kwa makusudi, kwa bomba linalowekwa garini ili gari likigonga, limeze nishati ya mgongano kabla haijamfikia abiria.

Bomba la nyuzi za kaboni limejengwa kwa namna ya mwanzi, yaani nyuzi ngumu zilizogandishwa pamoja, hapa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki inayoganda ikawa ngumu. Bomba la chuma au alumini likigandamizwa hujikunja marinda marinda. La kaboni halikunjiki, huvunjika, na ajabu ni kwamba likivunjika kwa utaratibu hula nishati nyingi zaidi kwa kila kilo. Alumini kwa kawaida hula kilojuli 20 hadi 30, ilhali kaboni iliyosanifiwa vizuri huvuka 50.

Nishati hiyo huenda wapi? Tabaka hubanduka, rezini hupasuka, nyuzi hukatika vipande vidogo vidogo. Lakini fungu kubwa, ambalo wengi hawalitarajii, humezwa na msuguano, kwa kuwa tabaka zilizochanua husugua bamba linalozigandamiza na kusuguana zenyewe kwa zenyewe hadi mwendo ukageuka joto.

Yote hayo hutegemea namna bomba linavyoanza kuvunjika, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufundi hasa. Bomba lililokatwa bapa hustahimili mzigo hadi ukapanda mno, kisha hupasuka ghafla katikati na kuachia, likiwa limekula nishati kidogo tu. Kwa hiyo ncha moja huchongwa mshazari, mara nyingi kwa digrii 45, ili ukingo ule mwembamba uanze kusagika mapema. Ukishaanza, usagikaji hushuka hatua kwa hatua chini ya mzigo ambao haupandi wala kushuka sana, na abiria hupunguziwa mwendo bila mshtuko mmoja mkubwa.

Umbo nalo lina neno lake: bomba la mviringo kwa kawaida hulishinda la mraba, ambalo kuta zake bapa huwahi kulegea na kuziachia pembe kazi. Aidha, nyuzi zinazozungushwa kulizunguka bomba huzibana zile za wima zisichanue upesi, kama waya unaofungwa kichwani mwa kigingi kabla ya kushika nyundo.