Taka, kelele na anwani: mambo yanayowaletea faini na ugomvi wageni wanaoishi Korea Kusini

Mihula ya vyuo vya Korea Kusini huanza Machi na Septemba, na kila wageni wakishapanga nyumba, malalamiko ni yale yale: nimetozwa faini, jirani ananichukia, kisa mimi ni Mwafrika. Ubaguzi upo, na anayefanyiwa ana haki ya kuulalamikia. Lakini barua ya faini ya taka haitokani na rangi ya mtu. Inatokana na mfuko uliofunguliwa, ukakutwa risiti au bahasha yenye anwani yako ndani yake, au na kamera iliyofungwa pale kwenye nguzo. Mkorea wa nyumba ya pili naye hupokea barua hiyo hiyo.

Tangu tarehe 1 Januari 1995, Korea inalipia taka kwa ujazo. Mfuko wenyewe ndio ada. Unauzwa kwenye maduka ya kona na supamaketi, huwa na jina la wilaya au mji, na mfuko wa wilaya moja kwa kawaida haukubaliki katika wilaya nyingine. Mfuko wa lita 20 mjini Seoul ni takriban won 500. Mtu anayeishi peke yake anunue wa lita 5 au 10, kwa sababu wakati wa joto mfuko mkubwa utanuka kabla haujajaa. Kutumia mfuko wa kawaida wa dukani na kuuacha usiku kwenye rundo la wengine, mtu akidhani hakuna anayeona, ndilo kosa linalotozwa mara nyingi zaidi.

Taka za chakula ni habari nyingine, na hapa ndipo wapishi wetu wanapokosea. Huchakatwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea, kwa hiyo kipimo ni kimoja: je, mnyama angeweza kukila? Maganda ya ndizi, mabaki ya wali na mboga ni chakula. Mifupa ya kuku, maganda ya mayai, ya kaa, ya chaza na ya vitunguu, kokwa ya embe, kifuu cha nazi na majani ya chai yaliyokwisha kutumika si chakula. Yanakwenda kwenye mfuko wa taka za kawaida. Kifuu kimoja kikiingia kwenye mashine ya kusaga, mashine inasimama. Chuja maji kwanza. Kwenye majengo mengi ya ghorofa pipa lina mizani: unagusisha kadi, kifuniko kinafunguka, unamimina, na uzito unaandikwa kwenye nyumba yako. Mchuzi nao una uzito, na utaulipia. Usitumbukize mfuko wa plastiki uliobebea; una pipa lake pembeni.

Vinavyorejelezwa havilipiwi, ila viwe safi. Chupa angavu za maji na soda zina kapu lake peke yake, sheria iliyoanza Desemba 2020 kwa majengo ya ghorofa na Desemba 2021 kwa nyumba nyingine. Mwaga kilichobaki, suuza, bandua karatasi ya jina, ikanyage hadi ibonyee, rudisha kifuniko. Boksi la piza lenye mafuta na bakuli la tambi lililobadilika rangi kwa pilipili ni taka za kawaida, hata kama vina alama ya kurejelezwa. Sahani na glasi zilizovunjika zina gunia lao maalumu. Godoro, meza au kabati hutoki nalo hadi umeripoti kwenye ofisi ya mtaa au mtandaoni, ukalipa, ukabandika stika. Friji na mashine ya kufulia huchukuliwa bure ukipiga 1599-0903. Katika mitaa isiyo na eneo la pamoja, taka hutolewa mbele ya nyumba jioni, na wilaya nyingi za Seoul hazitaki uzitoe Jumamosi. Kusema mwenye nyumba hakukueleza si utetezi, maana ratiba hubandikwa mlangoni au kwenye tovuti ya wilaya.

Faini ya mfuko usio rasmi kwa kawaida ni kati ya won 100,000 na 200,000. Sheria inaruhusu hadi 1,000,000. Kitako cha sigara barabarani ni won 50,000. Barua ya kwanza ni taarifa, bado si hukumu: una muda usiopungua siku 10 wa kujieleza, na ukilipa ndani ya muda huo unaweza kupunguziwa hadi asilimia 20. Ukishatozwa rasmi, una siku 60 za kupinga, na shauri linakwenda mahakamani. Ukikaa kimya baada ya muda wa kulipa kupita, inaongezwa asilimia 3, kisha asilimia 1.2 kila mwezi, hadi miezi 60. Tunasisitiza: msiitupe barua kwa sababu imeandikwa Kikorea. Piga 1345, kituo cha habari za uhamiaji. Hawana Kiswahili, lakini wana Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Kelele za ghorofani zinapimwa. Tangu Januari 2023, kelele za kukanyaga na kugonga sakafu hazitakiwi kuzidi wastani wa desibeli 39 kwa dakika moja mchana, na 34 kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri. Visigino vya mtu mzima vinaweza kufika huko. Vaa malapa mazito ya ndani, tandika mkeka mnene watoto wanapocheza, na usitwange kitu kwenye kinu kilichokaa sakafuni baada ya chakula cha jioni. Sauti ya maji ya bafuni haihesabiwi kisheria. Kama unayesumbuliwa ni wewe, usiende kugonga mlango wa jirani, hata kwa nia njema. Kwao jambo hili hupitia ofisi ya usimamizi wa jengo, na kugonga mlango mara kwa mara kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Mengine ni mepesi kwa aliyelelewa pwani: vua viatu mlangoni, pokea kwa mikono miwili, subiri mkubwa ashike kijiko kwanza. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, kwani hivyo hufanywa kwenye ibada ya marehemu. Viti vya pembeni mwa behewa la treni ni vya wazee na wasiojiweza, na vya waridi ni vya wajawazito. Mgeni kijana anayekaa hapo atatazamwa vibaya hata behewa likiwa tupu.

Anayekaa zaidi ya siku 90 anajiandikisha uhamiaji kabla siku hizo hazijaisha, na kila akihama anaripoti anwani mpya ndani ya siku 15 tangu kuhamia, uhamiaji au kwenye ofisi ya eneo jipya. Kuchelewa kuna adhabu yake. Siku hiyo hiyo ya kuripoti, nenda na mifuko ya taka ya wilaya ya zamani iliyokubakia. Maeneo mengi hukupa stika ya kubandika ili uimalizie huko ulikohamia.