Mlei kusoma masta ya teolojia sio kutafuta upadre

Ile meseji kwamba teolojia ya chuo kikuu ni ya mapadre na masista tu, eti mlei (muumini asiye padre wala mtawa) akiisoma anautaka upadre kwa mlango wa uani, imerudi tena kwenye magrupu ya jumuiya huku Mbeya. Jamani, sio kweli. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 229, inampa mlei haki ya kusoma elimu hiyo mpaka apate digrii, na anaweza hata kuruhusiwa kuifundisha, ila digrii haimpi daraja la upadre, na homilia (mahubiri ya kwenye misa) inabaki ya padre au shemasi (kanuni 767). Nadhani tunachanganya sababu tumezoea kuwaona waseminari ndo wenye vitabu hivyo, na katekista wa kigango tunamjua kwa semina fupifupi tu. Muulize paroko au soma kanuni yenyewe, ni mistari michache, na hiyo meseji usiiforwadi.