"The team are" si kosa, acheni kuikata

Jana nimerudishiwa kazi niliyoihariri, na kosa lisilo kosa limepigwa tena wino mwekundu. Sentensi ilikuwa fupi: "The jury have taken their seats." Aliyeipitia baada yangu amekata "have" akaweka "has". Kisha, ili mambo yalingane, "their" akaigeuza "its", na "seats" ikawa "seat". Sasa watu 12 wa "jury", yaani baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani, wamekalia kiti kimoja. Pembeni ameandika: "Jury ni moja, kitenzi kiwe cha umoja."

Nimeshaisikia hoja hiyo mara nyingi mno, na wanaoitoa huitoa kwa uhakika wa mtu anayesema mbili na mbili ni nne. Kwa hiyo leo naiandikia.

Kwanza, Kiingereza si kimoja. Marekani, nomino za makundi kama "team", "committee", "family" na "government" kwa kawaida huchukua kitenzi cha umoja. Uingereza, umoja na wingi vyote vinakubalika, na uchaguzi hutegemea unachokiona akilini: kundi kama kitu kimoja, au watu waliomo ndani yake. Ukisoma habari za michezo za Waingereza utakutana na "England have won", kwa sababu hapo England ni wachezaji. Habari ikiwa ya nchi, inarudi "England has". Hata Wamarekani, timu ikiwa na jina kama Miami Heat, huandika "the Heat are", ingawa "heat" haina alama yoyote ya wingi.

Na wanaosema wingi huu ni uzembe wa siku hizi, wafungue Katiba ya Marekani ya mwaka 1787. Ibara ya kwanza inasema: "The House of Representatives shall chuse their Speaker." "Their", si "its". Mbele kidogo, katika ibara hiyo hiyo, imeandikwa kwamba kila bunge litatunza kumbukumbu za "its Proceedings". Ni kweli kwamba "shall" haituonyeshi kitenzi kingekuwa cha umoja au cha wingi. Lakini kiwakilishi kinaonyesha, na kinaonyesha njia zote mbili ndani ya ibara moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ndipo maana inapoharibika. Kuchagua kati ya umoja na wingi si pambo. "The family is large" maana yake familia ina watu wengi. Ukiandika "The family are large", umesema kila mmoja wao ana mwili mkubwa. "The committee was divided" inaweza kusomeka kwamba kamati iligawanywa, labda ikatoka na kamati ndogo mbili. "The committee were divided" inakupeleka moja kwa moja kwa wajumbe wasiokubaliana. Kuna mahali ambapo umoja peke yake ndio unaofaa: "The committee consists of five members", kwa kuwa hakuna mjumbe mmoja mmoja anayeundwa na watu watano. Na kuna mahali ambapo umoja unachekesha, kama kile kiti kimoja cha watu 12.

Wanafunzi wangu hudhani hili ni geni kwa msemaji wa Kiswahili. Si geni hata kidogo. Sikiliza mtu akituma salamu: "Familia yangu wanakusalimu." Kitenzi kimekwenda kwa watu, lakini kimilikishi kimebaki kwenye neno: "yangu", si "wangu". Kiingereza cha Uingereza hufanya vivyo hivyo. Utasema "this team are", wala hutasema "these team are", ila kama timu ni zaidi ya moja, na hapo itakuwa "these teams". Neno linalobana nomino hufuata umbo lake, na kitenzi kilicho mbali kidogo kina uhuru wa kufuata maana. Vilevile tunasema: "Jeshi liliingia mjini alfajiri. Walipofika sokoni wakasimama." Hakuna msomaji anayekwama hapo akiuliza "wa-" imetoka wapi.

Ila Kiswahili hututega kwingine. Kwetu polisi ni mtu: polisi mmoja, polisi wawili. Ndiyo maana naletewa "a police came". Kwa Kiingereza "police" ni wingi siku zote, huku na huko: "the police are". Ukimtaka mmoja, sema "a police officer". Nalo "furniture" si nomino ya kundi ya aina hii, halihesabiki. Kwa kuwa sisi tunasema mizigo na vifaa kwa wingi, tunaandika "luggages" na "equipments". Ondoa hizo "s".

"A number of students have", "the number of students has". Hilo likariri tu.

Kuhusu orodha ndefu za majina ya makundi ya wanyama, "a murder of crows" (kundi la kunguru) na wenzake, sitakawia. Nyingi zinatokana na orodha za wawindaji wa kiungwana, na iliyo maarufu zaidi ilichapwa St Albans, Uingereza, mwaka 1486. Baadhi ya maneno yake, hasa yanayotaja makundi ya watu, yana dalili zote za mzaha. "A pride of lions" limebaki hai. Kwa kunguru, "flock" inatosha, na mtihani unaompa mtoto sifuri kwa kuandika hivyo unamwonea.

Hapa nina shaka yangu. Sarufi nyingi zinakataza kuchanganya: ukianza na "has", endelea na "its". Mimi mwenyewe, kwenye maandishi rasmi, nikikuta "The team is proud of their record" huwa nairekebisha. Lakini Wamarekani wenye elimu husema hivyo kila siku, na kila ninapoibadilisha iwe "its record" naona sentensi imepoa, kana kwamba wachezaji wametolewa nje. Mkono wangu unafuata kanuni, sikio linakataa. Bado sijapata hoja ya kunituliza upande wowote, ila nimeacha kumkata alama mwanafunzi anayeiandika.

Ile sentensi ya "jury" nimeirudisha ilivyokuwa. Pembeni, chini ya maandishi ya mwenzangu, nimeandika: "Viti ni 12."