Anon: "mara moja" iliyochakaa

Ukisoma Kiingereza cha zamani utakutana na neno fupi, anon, lenye mkazo mwishoni. Kamusi za leo zitakwambia maana yake ni "punde" au "baadaye kidogo". Sawa, lakini hiyo ni maana ya uzeeni. Ujanani neno hili lilikuwa na maana ya sasa hivi, bila kukawia.

Limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha Kale, on na ān. Ān ni "moja", ndilo lililozaa one ya leo, kwa hiyo on ān ni kama kusema "kwa mkupuo mmoja". Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Mama akisema "njoo mara moja", hakuna anayehesabu mara.

Katika Biblia ya Mfalme James ya 1611 maana ya kale bado ipo: kwenye Mathayo 13:20, mtu wa mahali penye miamba katika mfano wa mpanzi analipokea neno la Mungu anon, yaani hapo hapo, kwa furaha. Lakini mitaani neno lilikuwa limeshaanza kulegea. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV ya Shakespeare, iliyochapwa 1598, yumo kijana Francis, mhudumu wa baa huko Eastcheap, London. Mwanamfalme anamshika kwa maswali huku mwenzake akimwita kwa sauti kutoka chumba kingine. Francis anajibu tu, "Anon, anon, sir!" Kwetu angesema "Naja, bosi, naja!" na miguu isitoke pale ilipo.

Nadhani hapo ndipo neno lilipoharibikia, midomoni mwa watu wanaoahidi sasa hivi huku mikono imejaa. Wala halikuwa peke yake. Hata soon ("punde"), enzi za Kiingereza cha Kale lilipoitwa sōna, lilikuwa "mara moja" kamili, na presently nalo likateleza vivyo hivyo. (Nasi tusicheke: anayeaga "natoka mara moja" anaweza kurudi magharibi.)

Ukiona Anon. chini ya shairi, hilo ni jingine kabisa, ni kifupisho cha neno lenye asili ya Kigiriki la mtu asiyejulikana jina.

Leo Mwingereza mwenye haraka ya kweli husema at once. Once nayo imetoka kwenye moja ile ile.