Antioksidanti katika mizizi ya dawa: maswali na majibu

Antioksidanti hufanya nini?

Mwili unapotumia oksijeni kupata nguvu, huzaa molekuli zenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Hizi ndizo radikali huru. Hunyang'anya elektroni kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Moshi wa sigara na miale ya jua huziongeza. Antioksidanti huzipa elektroni zinayoitafuta, zikatulia. Lakini radikali huru si adui mtupu: chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.

Kwa nini mizizi?

Mzizi huishi udongoni katikati ya kuvu na wadudu, wala hauwezi kukimbia. Hujilinda kwa kemikali kama fenoli, flavonoidi na tanini, na nyingi kati ya hizo ni nyepesi kutoa elektroni.

Hupimwaje?

Mizizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye maji, ethanoli au methanoli (aina za alkoholi). Maji yake huchujwa, yakakaushwa, kisha kinachobaki huchanganywa na DPPH, radikali yenye rangi ya zambarau. Rangi ikififia na kuwa njano, dawa imefanya kazi. Ni kipimo kizuri na rahisi, ila chupa haina tumbo, ini wala damu.

Basi nikinywa nitapata faida ileile?

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa, na inaniuma. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye kiungo cha manjano, hufanya vizuri maabara, lakini ikimezwa, kiasi kidogo sana hufika kwenye damu. Na kuongeza dozi si jibu. Mwaka 1994, utafiti wa Finland uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayosifiwa sana, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Kitu cha asili kinaweza kudhuru?

Ndiyo. Urukususu, mzizi mtamu wa licorice, ukizidi hupandisha presha. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliripoti wanawake ambao figo zao ziliharibika baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba. Mzizi uliokusudiwa ulikuwa wa mmea wa Stephania; ukawekwa wa Aristolochia, wenye sumu ya figo, kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, hasa ukiwa mjamzito au unatumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda, usimtajie jina tu. Mpelekee mzizi wenyewe.